Kuku Mwenye Kiu Hatagi

Ndugu wazazi, tangu mwaka 2008 nchi yetu inayo Sheria ya Ustawi wa Wanyama. Wapo wanaocheka: "Hata kuku ana sheria?" Mimi naona sheria hiyo yalinda pia afya ya watoto wetu.

Huko Ulaya kuku wa mayai walifungiwa katika vizimba vitupu, kila mmoja na nafasi ndogo kuliko karatasi ya kuandikia. Mwaka 2012 Umoja wa Ulaya ulivipiga marufuku. Hapa Maguu kuku wetu wanatembea, lakini wana taabu nyingine: kiu, baridi ya usiku, viroboto na kideri.

Sehemu tatu kati ya nne za yai ni maji. Kuku asiyenyweshwa atatagaje? Basi tumpe maji safi kila siku, banda kavu lenye hewa, kiota cha nyasi kavu, na chanjo ya kideri kila baada ya miezi mitatu. Kazi hiyo ina jasho, lakini ugali peke yake haujengi mwili wa mtoto. Na mayai yakipatikana, tusiyauze yote. Watoto nao wapate.