Hedifoni Haifi kwa Bisibisi

Mwandishi aliyedai gazetini kwamba kufungua hedifoni zenye mgongo wazi nyumbani ni kuziua anatisha watu bure. Sennheiser HD 600, hedifoni ya aina hiyo ya mwaka 1997, iliundwa ili mwenyewe aweze kubadilisha waya na mito ya masikio. Mito ikibonyea, sikio husogea karibu na spika na sauti hubadilika; mito mipya huirudisha.

Onyo lake lina ukweli kidogo: utando wa spika ni mwembamba, hautaki kidole.

Na vikombe vinavyobeba spika vikivunjika je? Vipya vinaweza kuchongwa kwa mbao. Watu wa Wamunyu, Kaunti ya Machakos, wanachonga mbao tangu mchongaji Mutisya Munge alipoanza baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Hata kampuni ya Grado ya Brooklyn huuza hedifoni za vikombe vya mbao. Kabla ya kutupa zako, muulize mchongaji.