Kidonda cha Kichwani Kisichopona

Hapana mtu awezaye kuuona utosi wake mwenyewe, wala kisogo chake, ila kwa vioo viwili. Kwa hiyo uvimbe wa kichwani mara nyingi huonwa kwanza na kinyozi au msusi. Mwenye kuambiwa na asione haya, bali aende akaonyeshe kwa daktari.

Si kila uvimbe ni saratani. Uvimbe wa mviringo, usiouma, uchezao ukisukumwa kwa kidole, na uliokua polepole kwa miaka, kwa kawaida ni kifuko tu kilicho chini ya ngozi. Huo hauna haraka. Lakini kidonda kisichopona kwa muda wa mwezi mmoja, kitokacho damu kikiguswa na kitana, au kifanyacho gamba likabanduka kisha kikafanya jingine. Au nyama iliyoota kwa majuma machache tu, nayo ni ngumu. Au baka jeusi linaloenea: vyote hivyo ni vya kutiliwa shaka. Vivyo hivyo kovu la moto la zamani linalofunguka tena baada ya miaka mingi. Daktari Mfaransa, Jean-Nicolas Marjolin, alieleza vidonda vya makovu mwaka 1828, na hata leo saratani ya kovu huitwa kwa jina lake.

Watu wenye ualbino wamo katika hatari kubwa, kwa kuwa ngozi yao haina rangi ya kutosha kuwakinga na jua. Saratani huweza kuwapata kichwani, usoni na shingoni wangali vijana. Yafaa wavae kofia yenye ukingo mpana tangu utoto, wala si kofia ndogo iachayo masikio na shingo wazi.

Kosa kubwa ni kupaka marhamu mwezi baada ya mwezi, na jingine ni kukata uvimbe na kuitupa nyama bila kupimwa. Macho peke yake hayatoshi, hata yawe ya daktari hodari. Hupigwa sindano ya ganzi, kikakatwa kipande kidogo, kikatazamwa kwa darubini. Daktari hupapasa pia tezi za nyuma ya masikio na za shingoni; na uvimbe ukiwa umeshikamana na fuvu, hupiga picha ili ajue kama mfupa umeliwa.

Ikithibitika kuwa ni saratani, hukatwa yote pamoja na ukingo wa ngozi nzima, kadiri ya milimita 4 au zaidi, kwa namna ya ugonjwa. Ikiwahiwa ingali ndogo, pengine mgonjwa hurudi nyumbani siku ile ile. Ikicheleweshwa, jeraha huwa kubwa, na kwa kuwa ngozi ya kichwa haivutiki kwa urahisi, hubidi kufunikwa kwa ngozi iliyotolewa pajani. Wengine huhitaji mionzi pia.

Baadaye mgonjwa hurudi kukaguliwa kila miezi michache, hasa katika miaka 2 ya kwanza. Nyumbani, mtu wake amgawanye nywele kwa kitana mahali penye mwanga, atazame kovu na ngozi yote iliyolizunguka.