Marehemu Asisahauliwe

Hadithi za upelelezi za wakati wa vita zinawapendeza vijana wengi. Tunaujua utaratibu wake. Mwanzoni mtu ameuawa. Mbele kidogo karatasi ya siri imeibwa. Halafu mpelelezi anakutana na msichana mzuri, naye labda ni jasusi wa adui. Usiku unakwisha, na msomaji hajalala.

Wako wanaosema vitabu hivi vichomwe moto. Sisi hatusemi hivyo. Mwaka 1960 Muhammed Said Abdulla wa Unguja alituletea Bwana Msa katika Mzimu wa Watu wa Kale, mtu wa akili anayeutafuta ukweli hatua kwa hatua. Mwingereza Chesterton naye alimfanya padre, Padre Brown, kuwa mpelelezi. Kazi hiyo twaisifu, kwa sababu inafundisha neno kubwa: mtu mmoja akiuawa, hata akiwa maskini, lazima ajulikane aliyemwua.

Lakini vita vikiingia katika hadithi, neno hilo mara nyingi hupotea. Mwaka 1974 Elvis Musiba wa Tanzania alitoa Kufa na Kupona, na jina la jasusi wake Willy Gamba likaenea Afrika Mashariki. Wengi wakamfuata. Katika hadithi za namna hii shujaa huua njiani, nasi twampigia makofi. Marehemu wa kwanza ni ufunguo tu: mlango wa siri ukifunguka, ufunguo hutupwa. Mapenzi nayo yanageuzwa mtego, na mwanamke anakuwa chambo.

Watatujibu: Vita ni vita, na hadithi ni hadithi tu. Je, jibu hilo latosha kwetu Lubumbashi? La, hasha! Sisi tumeona neno hilo linaleta nini.

Desemba 1941, shaba ya Katanga ilipohitajiwa kwa vita, wafanyakazi wa Union Minière waligoma wakidai mshahara zaidi. Askari wakawapiga risasi katika kiwanja cha mpira hapa mjini, wakafa makumi ya watu. Tarehe 17 Januari 1961, wakati wa kujitenga kwa Katanga, Patrice Lumumba, Maurice Mpolo na Joseph Okito waliuawa porini, si mbali na mji huu. Mwezi uliofuata serikali ya Katanga ikatangaza kwamba walitoroka, wakauawa na wanakijiji. Ulikuwa uongo. Ubelgiji ilirudisha jino moja la Lumumba mwaka 2022, baada ya miaka 61.

Septemba 1961 Dag Hammarskjöld, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, alikufa ndege yake ilipoanguka karibu na Ndola, alipokuwa akienda kuonana na Tshombe. Wachoma makaa weusi walisema waliyoyaona angani usiku ule, lakini wachunguzi wa serikali ya kikoloni hawakuyajali. Mwaka 2015 Umoja wa Mataifa ulimkabidhi uchunguzi Mohamed Chande Othman, Jaji Mkuu wa Tanzania wakati huo. Yeye hakushika bastola. Alishika mafaili, akawasikiliza na wale waliodharauliwa. Basi, huyo ndiye mpelelezi!

Twasema wazi: hadithi inayotuzoesha kumsahau maiti inatuandaa kunyamaza siku jirani yetu atakapouawa kwa jina la siri za serikali. Sisi tunaowaombea marehemu wetu misa tukiwataja kwa majina, hatuwezi kulipia mafunzo ya namna hiyo.

Nanyi waandishi wetu, andikeni juu ya vita, wajasusi na mapenzi. Mambo hayo yote yamepita hapa Katanga. Lakini mpeni marehemu jina, na mama wa kumlilia. Mpeni mwanamke akili yake na dhamiri yake.

Na wewe msomaji, ukimaliza kitabu jiulize: Nani aliuawa kwanza? Nani alimlilia? Nani alitoa amri, na je, aliulizwa? Ukikosa majibu, usimwazime rafiki yako kitabu hicho kabla hujamweleza kinachokosekana ndani yake.