Kubaki Shuleni Pako Si Kubaki Nyuma

Kuna imani iliyokita mizizi miongoni mwa wazazi, walimu na viongozi wa elimu nchini Kenya, kwamba mtoto hapandi ngazi mpaka ahame. Kila mipaka ya elimu inapochorwa upya, iwe ni mipaka ya madarasa, ya ngazi za shule au ya maeneo ambako shule huchukua wanafunzi wake, swali la kwanza huwa ni watoto wapelekwe wapi. Ni nadra kusikia mtu akiuliza kama kuna haja ya kuwaondoa walipo. Imani hiyo ni potovu, na wanaoigharamia ni familia za mitaa kama Makongeni mjini Thika, ambako mshahara wa kiwandani ndio unaogawanywa kati ya kodi ya nyumba, chakula na karo.

Chukua mpaka mkubwa uliochorwa majuzi. Chini ya mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985, mtoto aliiaga shule ya msingi baada ya darasa la nane. Mfumo mpya wa 2-6-3-3-3 umeitenga miaka mitatu ya kati, Gredi ya 7 hadi ya 9, na kuiita sekondari msingi. Serikali ya Uhuru Kenyatta ilikusudia watoto hao waende shule za sekondari, hata ikajenga madarasa huko. Mwishoni mwa 2022, Jopo la Rais la Mageuzi ya Elimu, chini ya Profesa Raphael Munavu, likapendekeza wabaki katika shule za msingi walikokuwa wakisoma. Kundi la kwanza likaanza Gredi ya 7 mwaka 2023 katika ua ule ule. Tangu hapo hazijakoma sauti zinazodai kwamba watoto hao walipunjwa, kwamba sekondari isiyo na lango jipya na sare mpya si sekondari, na kwamba sasa wahamishwe.

Ushahidi uliopo unaelekea kwingine. Mwaka 2010, wachumi Jonah Rockoff na Benjamin Lockwood walichapisha utafiti kuhusu wanafunzi wa jiji la New York. Waliohamia shule za kati walipofika darasa la sita au la saba walishuka katika hesabu na kusoma, wakilinganishwa na wenzao waliobaki katika shule zinazofika darasa la nane. Utafiti wa Guido Schwerdt na Martin West katika jimbo la Florida ulifikia hitimisho kama hilo. Mjini Chicago, shule zipatazo 50 zilifungwa kwa mkupuo mwaka 2013, na familia zikaahidiwa shule bora zaidi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago walieleza mwaka 2018 kwamba alama za watoto hao zilishuka tangu mwaka ule tangazo lilipotolewa, kabla hata hawajahama, na kwamba katika hesabu athari ilidumu kwa miaka. Thika si Chicago, lakini mtoto wa miaka 12 ni mtoto popote alipo. Anapohamishwa humpoteza mwalimu anayejua udhaifu wake, marafiki wanaomsaidia na mzazi aliyezoea kuingia katika ofisi ya mwalimu mkuu bila woga. Fimbo ya mbali haiui nyoka, na mzazi aliye mbali na shule hawezi kumwokoa mtoto anayeanza kuteleza.

Wapinzani wana hoja nzito, nayo ni maabara na walimu. Ni kweli kwamba shule nyingi za msingi zilipokea Gredi ya 7 bila maabara, na kwamba walimu walilazimika kufundisha masomo ambayo hawakuyasomea. Ni kweli pia kwamba walimu wanagenzi waligoma mwaka 2024 wakidai ajira ya kudumu. Lakini tazama asili ya upungufu huo. Hakuna hata mmoja uliosababishwa na mtoto kubaki. Umesababishwa na fedha zinazochelewa na walimu wasiotosha, na kasoro hizo zingewafuata watoto hadi shule za sekondari, ambako madarasa yalishafurika. Mgao wa serikali ulipanda kutoka shilingi 1,420 kwa mwanafunzi wa shule ya msingi hadi shilingi 15,042 kwa wa sekondari msingi, kwa hiyo hata Hazina inakiri kwamba fedha zinaweza kumfuata mtoto alipo. Kujenga maabara moja, au kukubaliana na sekondari ya jirani juu ya siku za kutumia yake, ni nafuu kuliko kuwang'oa mamia ya watoto. Vifaa na walimu ndivyo vinavyostahili kusafirishwa.

Mwaka 2025, kundi hilo la kwanza lilipochagua shule za sekondari pevu, yaani Gredi ya 10 hadi ya 12, imani yenyewe iliandikwa kwenye fomu. Mwanafunzi alitakiwa kuorodhesha shule 12, na kati ya hizo 9 ziwe za bweni, 6 zikiwa nje ya kaunti yake. Shule za kutwa karibu na nyumbani zilipewa nafasi 3 tu. Mtoto wa Makongeni akaambiwa na wizara kwamba kilicho karibu ni makombo. Mwongozo wa karo umekuwa ukimtaka mzazi wa shule ya kitaifa alipe shilingi 53,554 kwa mwaka, bila kuhesabu godoro, sanduku na nauli, ilhali katika shule ya kutwa mgao rasmi wa serikali kwa ajili ya masomo ni shilingi 22,244 na mzazi hubaki hasa na chakula cha mchana na sare. Kwa kibarua, tofauti hiyo ndiyo mpaka kati ya mtoto kusoma na mtoto kukaa nyumbani akisubiri basari.

Watetezi wa kuhama husema kwamba shule za mbali hujenga umoja wa taifa. Makongeni yenyewe inawajibu. Viwanda vya Thika vimevuta wafanyakazi kutoka Ukambani, Magharibi, Nyanza na Mlima Kenya, na watoto wao tayari wanaketi dawati moja. Wengine husema kwamba kumbakiza mtoto maskini katika shule dhaifu ni kumfungia humo. Hoja hii ingekuwa na nguvu kama ningetaka kubaki kuwe lazima. Ninachodai ni haki ya kubaki. Anayetaka kwenda shule ya kitaifa kama Alliance au Mang'u na amepata nafasi, aende. Lakini shule dhaifu haiponi kwa kuondokewa na wanafunzi na wazazi wanaoweza kuipigania.

Suala hili litarudi kwa kishindo. Kati ya sensa ya 2009 na ya 2019, wakazi wa Ruiru, mji jirani na Thika, waliongezeka kutoka 238,858 hadi 490,120. Shule mpya haziepukiki, na kila inapofunguliwa, mtu fulani ofisini atagawa wanafunzi wa shule jirani kwa orodha. Wizara ya Elimu iweke kanuni mapema. Shule mpya ianze na madarasa ya kuingilia, ikue mwaka hadi mwaka, na asing'olewe mtoto aliye katikati ya safari yake. Aliyeanza ngazi mahali aimalizie hapo, hata wazazi wakihama nyumba au mpaka ukichorwa upya, na wadogo zake waruhusiwe kumfuata. Fomu ya kuchagua shule itangulize za kutwa zilizo karibu, na fedha za maabara zielekezwe huko. Zaidi ya yote, mzigo wa ushahidi ubadilishe mabega. Ofisa anayetaka kumhamisha mtoto ndiye anayepaswa kuthibitisha faida yake kwa maandishi. Mtoto anayetaka kubaki hadaiwi maelezo yoyote.