Baiskeli Isiyo na Upepo Siyo Usafiri

Wamama wenzangu, na nyie kina baba mnaosomaga kimyakimya. Leo siongelei uji wala chanjo. Naongelea tairi la baiskeli. Usipite, nina sababu.

1.
Kila mjamzito anayekuja kliniki namuuliza: siku ya uchungu utafikaje hapa? Kuanzia bonde la Yaeda mpaka vijiji vya chini ya Mlima Hanang, jibu ninalolipata sana ni hili: "Tunayo baiskeli, sista." Zamani nilikuwa naandika tu. Siku hizi nauliza swali la pili: "Ina upepo?" Hapo mama anacheka, anamwangalia mumewe, mume anaangalia dirisha.

Na mimi nilikuwa nacheka. Nikaacha siku walipoingia wazazi wawili alfajiri na mtoto wa miezi saba anahema mbiombio, kifua kinabonyea. Walitoka nyumbani saa nane usiku. Tairi la nyuma likaisha upepo kabla hawajafika nusu ya njia, pampu hawana, wakatembea huku wanakokota baiskeli. Nimonia haikusubiri. Mtoto alipona, namshukuru Mungu, lakini yale masaa yalipotea kwa sababu ya mwiba mdogo kuliko punje ya mtama.

2.
Mwiba wenyewe mnaujua. Mbigili. Mvua ikinyesha unatambaa chini na vile vimaua vya njano, mnauona ni majani tu. Jua likiwaka unabaki mwiba mgumu, na hata ukianguka vipi, kuna ncha inayoangalia juu. Ongeza miiba ya migunga njiani. Halafu tairi letu limechakaa mpaka nyuzi zinaonekana, tyubu ina viraka saba. Hiyo siyo bahati mbaya, jamani. Ni uzembe tuliouzoea.

3.
Sasa amekuja mtu mnadani na maneno matamu: "Chukua tyubules, hii haipati pancha milele." Mama, shika hela yako kwanza.

Tairi la tyubules halina tyubu ndani. Upepo unashikwa na tairi lenyewe likibana kwenye ringi. Kwa hiyo ringi lazima iwe imetengenezwa kwa kazi hiyo, izibwe matundu ya spoki kwa mkanda maalumu, iwe na valvu yake, na ndani iwekwe dawa ya pancha. Bila dawa, mbigili ikitoboa upepo unatoka vilevile. Na kulikalisha tairi kwenye ringi mara nyingi kunataka upepo wa kishindo, pampu ya mkono inashindwa.

Ile baiskeli yetu ya chuma ya kubebea mahindi ringi yake haikutengenezwa hivyo. Ukilazimisha, umpakie mama nyuma na mtoto mgongoni, tairi linaweza kuchomoka kwenye kona. Kama baiskeli yako ni ya kisasa, ringi na tairi vyote vya tyubules, na fundi wako anaijua kazi, weka, ni kitu kizuri. Kama siyo, anayekuuzia anakuuzia ajali.

4.
Basi tufanye nini? Kwanza nunua tairi zima. Namba iliyoandikwa ubavuni ifanane na ya lile la zamani. Likunje kidogo, likionyesha nyufa liache. Sehemu inayokanyaga chini iwe nene. Kabla ya kuingiza tyubu mpya, pitisha kitambaa ndani ya tairi taratibu. Kikinasa, mwiba wa zamani bado upo, na utakutoboa tena kesho.

Pili, dawa ya pancha unaweza kuiweka ndani ya tyubu hii hii ya kawaida. Tikisa chupa vizuri, fungua valvu, mimina kiasi kilichoandikwa kwenye chupa, funga, jaza upepo, zungusha gurudumu. Tundu la mbigili litazibika. Tundu la msumari au mpasuko halitazibika, usidanganyike. Ukijaza upepo siku nyingine, leta valvu juu kwanza ili dawa isiigandishe.

Tatu, dawa inakauka. Ndani ya miezi michache imeganda, na kwenye joto la kule chini upande wa Ziwa Eyasi inawahi zaidi. Kuiweka mara moja na kusahau ni sawa na kutokuweka.

Na upepo usipungue. Kiwango kimeandikwa ubavuni mwa tairi. Tairi legelege likibeba watu wawili, tyubu inabanwa na ringi kwenye jiwe inapasuka yenyewe, hata mwiba hauhitajiki.

5.
Hapa naongea kama nesi, na naomba mnisikie. Dawa ya pancha SIYO ya kuhifadhi kwenye chupa ya soda. Nyingi ni utomvu wa mpira uliochanganywa na amonia. Nyingine zina glaikoli, na ipo glaikoli yenye ladha tamu inayoua figo. Mtoto anaona maziwa, anaonja utamu. Iache kwenye chupa yake yenye maandishi, iweke juu, mbali na jikoni.

Mtoto akinywa, usimtapishe. Mlete haraka, na chupa uje nayo. Ikimwingia machoni, mwoshe kwa maji safi yanayotiririka angalau dakika 15, kisha mlete.

6.
Najua wapo watakaosema nesi ameacha sindano ameingia ufundi, na tairi ni mambo ya wanaume. Nani alisema? Mwaka 1888 mganga wa mifugo mjini Belfast, John Boyd Dunlop, alipata hataza ya tairi la upepo. Alianza kulitengeneza kwa ajili ya baiskeli ya magurudumu matatu ya mwanawe mdogo. Mzazi alikuwa anamfikiria mtoto wake! Sisi leo hela ya bando ipo kila wiki, hela ya tyubu "tutaangalia baada ya mavuno". Mimba haisubiri mavuno, baba.

7.
Kwa hiyo mimba ikifika miezi minane, kwenye begi lenye kanga na nepi ongezeni mfuko mdogo: pampu, viraka, sulisheni, msasa na tyubu moja ya akiba. Kila jioni mmoja wenu abonyeze matairi yote mawili. Ni dakika moja.

Na tuelewane: baiskeli ni ya kukufikisha barabarani, au kumleta mtoto zahanati mapema. Ukiona damu, kifafa, kichwa kinauma sana na macho hayaoni vizuri, au uchungu umekushika, piga 115 ya m-mama, ni bure. Lakini gari haliingii kila boma. Kutoka mlangoni kwako mpaka linapofika gari, ni wewe na tairi lako.

Nikikuuliza tena kliniki "ina upepo?", sitaki ucheke. Nataka unijibu, "Nimebonyeza jana jioni, sista."

Mtagi baba watoto. Sehemu ijayo tunarudi kwenye uji.