Maji Yanayonuka Mafuta Hayasafishwi kwa Kuchemsha

Miaka kadhaa iliyopita, mama mmoja mkazi wa Buguruni alifika katika kliniki yetu ya magonjwa ya damu akiwa na upungufu wa damu ambao vidonge vya madini ya chuma vilikuwa vimeshindwa kuuondoa. Nilimuuliza kuhusu hedhi, lishe, malaria, minyoo na dawa za kienyeji. Kuhusu maji nilimuuliza swali moja tu: "Mama, maji ya kunywa mnachemsha?"

"Nachemsha, dokta, kila siku," alijibu. "Hasa tangu kisima chetu kianze kutoa harufu ya mafuta ya taa."

Nilimpongeza kwa kuchemsha, kisha nikaendelea na swali lililofuata. Harufu ile sikuiandika popote. Siku mbili zilipita kabla sijatambua kwamba mgonjwa alikuwa amenipa habari nzito kuliko zote za siku ile, nami nikaipita. Nilipompigia simu, alinieleza kwamba kisima kilikuwa hatua chache kutoka kituo cha mafuta cha zamani, na kwamba baadhi ya majirani walikuwa wameacha kunywa maji yale ila waliendelea kuyaogea na kuyafulia. Baadaye kisima kilifukiwa kabla ya mtu yeyote kuchukua sampuli. Kwa hiyo siwezi kudai kwamba maji yale ndiyo yaliyomletea maradhi. Ninaweza tu kukiri kwamba tulipoteza nafasi ya kujua, na kwamba kosa la kwanza lilikuwa langu.

Ninaandika makala hii kwa sababu ninaamini kosa hilo si langu peke yangu. Sisi watumishi wa afya wa Dar es Salaam tumelelewa na kipindupindu. Mlipuko ulioanza Agosti 2015 uliikumba kwanza Kinondoni, na ujumbe wetu ukawa ule ule wa miaka yote: chemsha maji, au tia dawa ya klorini. Ni ujumbe sahihi dhidi ya vijidudu, nao umeokoa maisha ya wengi. Lakini mafuta si kijidudu. Mafuta yaliyovuja ardhini yanahitaji ujumbe mwingine, na zaidi ya ujumbe, yanahitaji udongo usafishwe.

Tuanze na tangi lenyewe. Kituo cha mafuta huhifadhi petroli na dizeli katika matangi yaliyofukiwa chini ya sakafu. Matangi ya zamani yalitengenezwa kwa chuma cha ukuta mmoja, na chuma kilichozikwa katika udongo wenye unyevu na chumvi hushikwa na kutu. Tundu dogo likitokea, hakuna anayeliona. Tone moja linalodondoka kila sekunde hufikia takriban lita 4 kwa siku, na kwa mwaka zaidi ya lita 1,500. Katika kituo kinachouza maelfu ya lita, upotevu huo hujificha kwa urahisi ndani ya hesabu, isipokuwa pale mwenye kituo anapolinganisha kila siku mafuta yaliyouzwa na yaliyobaki tangini.

Ardhi ya sehemu kubwa ya Dar es Salaam ni mchanga wa pwani, na mchanga haukawii kupitisha kimiminika. Petroli hushuka hadi inapokutana na maji ya chini ya ardhi, na kwa kuwa ni nyepesi, huelea juu yake. Sehemu yake huyeyuka ndani ya maji na kusafiri nayo kuelekea mabondeni. Buguruni imekaa kando ya bonde la Msimbazi. Masika yakija, maji ya ardhini hupanda, na yaliyokuwa chini hukaribia visima na misingi ya nyumba.

Kati ya viambata vinavyoyeyuka humo, kinachotusumbua zaidi sisi madaktari wa damu ni benzini. Wakala wa Kimataifa wa Utafiti wa Saratani umeiweka katika kundi la kwanza, yaani vitu vilivyothibitishwa kusababisha saratani kwa binadamu. Mtu akikutana nayo kwa muda mrefu, benzini huharibu uboho, kiwanda cha damu kilichomo ndani ya mifupa. Matokeo yake yanaweza kuwa upungufu wa damu, kushuka kwa chembe zinazopigana na maradhi, na hata saratani ya damu. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha mikrogramu 10 za benzini katika lita moja ya maji ya kunywa. Tupige hesabu ndogo: petroli yenye benzini asilimia moja, ikimwagika lita moja tu, ina benzini ya kutosha kufikisha maji zaidi ya lita 800,000 kwenye kikomo hicho.

Hapa ndipo pua inapotuhadaa. Benzini peke yake huanza kunusika majini inapofikia takriban miligramu 10 kwa lita, kiasi kinachozidi kikomo mara elfu moja. Viambata vingine vya petroli hunusika mapema zaidi, na ndiyo maana harufu ya mafuta kisimani ni onyo la kuheshimiwa. Lakini maji yasiyonuka hayajapewa cheti cha usalama.

Kuchemsha nako kunatuhadaa. Benzini huchemka kwenye nyuzi 80, kabla ya maji yenyewe. Mama anapoweka sufuria jikoni, sehemu ya sumu hutoka majini na kuingia katika hewa anayoivuta yeye na mtoto aliyembeba mgongoni, huku mafuta mazito yakibaki ndani ya sufuria. Klorini haiondoi petroli. Kuchuja kwa kitambaa hakuondoi kitu. Kuogea maji hayo katika bafu lililofungwa ni kuuvuta mvuke wake. Na kisima chenye mvuke wa petroli kinaweza kulipuka kwa kiberiti kimoja.

Huenda msomaji akasema: dawa ni watu waachane na visima na kutumia maji ya bomba. Ningependa iwe hivyo. Lakini Oktoba 2022, maji ya mto Ruvu yalipopungua na DAWASA ikatangaza mgawo, wengi walirudi visimani kwa ndoo na madumu. Kisima ni akiba ya jiji lenye wakazi zaidi ya milioni 5.3 kwa sensa ya 2022. Akiba haifai kuachwa ioze eti kwa sababu leo bomba linatoa.

Wengine watasema kwamba haya ni mambo ya nchi zenye viwanda vingi. Jirani zetu wa Kenya wanajua vinginevyo. Mwezi Mei 2015, bomba la mafuta litokalo Mombasa kwenda Nairobi lilivuja katika eneo la Thange, Kibwezi, kaunti ya Makueni. Mafuta yaliingia ardhini na kuufikia mto ambao wakulima waliutegemea kwa kunywa, kunywesha mifugo na kumwagilia mashamba. Wananchi walikwenda mahakamani, na mwaka 2025, miaka kumi baadaye, mahakama iliamuru walipwe fidia ya mabilioni ya shilingi za Kenya. Lile lilikuwa bomba kubwa na mto unaoonekana. Tangi linalovuja tone kwa tone chini ya sakafu ya zege halina mto wa kulitolea ushahidi. Na mtoto aliyekunywa maji yale kwa miaka kumi harudishiwi miaka hiyo na hukumu yoyote.

Kusafisha kunawezekana, nalo ndilo jambo linalonipa moyo. Hatua ya kwanza ni kuzuia chanzo: tangi litolewe mafuta, lipimwe, na likiwa bovu ling'olewe. Udongo ulioloa mafuta huchimbwa na kupelekwa mahali maalumu, si kumwagwa korongoni. Mvuke uliobaki kati ya chembe za mchanga hunyonywa kwa pampu. Maji ya ardhini yanaweza kuvutwa na kupitishwa katika mkaa maalumu wa kuchujia. Tena wapo bakteria wa kawaida wa udongoni wanaokula mafuta, nao huongeza kasi wakipatiwa hewa na rutuba. Kazi hii huchukua miezi, mara nyingi miaka, na gharama yake hupanda kila siku tangi linapoachwa.

Nani alipe? Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inampa kila mtu nchini haki ya mazingira safi na salama, na inatambua kanuni kwamba aliyechafua ndiye anayelipa. Ugumu huja pale kituo kilipofungwa, mmiliki akahama au akafariki, na juu ya matangi yake pakajengwa fremu za maduka. Marekani ilikutana na ugumu huo huo. Mwaka 1986 ilianzisha mfuko unaochangiwa na sehemu moja ya kumi ya senti kwa kila galoni ya mafuta ya magari, ili usaidie hasa pale mwenye tangi asipopatikana au asipoweza kulipa. Nchi hiyo imethibitisha zaidi ya matangi 500,000 yaliyovuja, na mengi ya maeneo hayo yamekwisha safishwa. Sheria yetu ya 2004 nayo imeweka Mfuko wa Taifa wa Mazingira. Tozo ndogo sana kwa kila lita, ikielekezwa huko kwa kazi hii pekee, haitamuumiza abiria wa daladala kama itakavyomuumiza gharama ya kutibu saratani ya damu.

Ninapendekeza pia mambo mawili yasiyohitaji tozo. Kwanza, kituo chochote kinapofungwa, kinapouzwa au kinapobadilisha matumizi, udongo wake upimwe, na majibu yawe sharti la kibali kinachofuata. Pili, ramani ya matangi na ramani ya visima ziwekwe juu ya meza moja. EWURA hutoa leseni za vituo vya mafuta, NEMC husimamia tathmini za athari kwa mazingira, na Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu hutoa vibali vya visima. Afisa afya wa kata anastahili kuziona zote, pamoja na vituo vya zamani vilivyosahaulika. Buguruni kuna kituo cha daladala kiitwacho Sheli, jina ambalo wakazi wa Dar es Salaam hukiita kituo chochote cha mafuta. Majina ya mitaa na kumbukumbu za wazee ni mahali pazuri pa kuanzia.

Kwa watumishi wenzangu, ninaomba maswali mawili zaidi katika kuchukua historia ya mgonjwa: maji yenu yanatoka wapi, na je, yamebadilika harufu, ladha au rangi? Mgonjwa mwenye upungufu wa damu usioeleweka na jibu la "ndiyo" apimwe picha kamili ya damu, na jibu lake liandikwe katika jalada. Kisha afisa afya aarifiwe. Sampuli ya maji ichukuliwe katika chupa ya kioo iliyojazwa hadi mdomoni bila kuacha hewa, ifungwe vizuri, ihifadhiwe kwenye baridi na kupelekwa haraka katika maabara yenye uwezo, kama ile ya Mkemia Mkuu wa Serikali.

Kwa wewe mgonjwa na jirani wa kisima: maji yakinuka mafuta, usiyanywe, usiyapikie, usiyaogee, wala usiwashe moto karibu na kisima. Toa taarifa serikali ya mtaa na kwa afisa afya, na msikifukie kisima kabla hakijapimwa. Kwa maji mengine yasiyo na dalili hiyo, endelea kuchemsha kama ulivyofundishwa. Na ukija kliniki, tuambie hata kama hatukuuliza.

Mama yule bado anahudhuria kliniki, na damu yake imepanda kiasi. Mara ya mwisho aliniuliza kama ile ardhi iliyofukiwa kisima imekuwa salama sasa, maana mwanawe anataka kujenga chumba hapo. Sikuwa na jibu la kumpa. Jibu hilo limo udongoni, na halitatoka humo mpaka mtu apewe wajibu wa kuupima.