Kizuri Chajiuza, Kibaya Chajitembeza

Ndugu zangu wa Manundu, nanyi wa Handeni, siku hizi hauuzwi mtambo bila kutajwa akili mnemba. Mwalimu anaahidiwa msahihishaji asiyechoka, mkulima anaahidiwa mavuno, kijana anatishwa kuwa kazi zimekwisha. Kabla hatujashangilia wala kuogopa, tuangalie tulikotoka.

Ahadi hizi ni kuukuu. Jina la fani hii lilitungwa kwa ajili ya mkutano wa Dartmouth, Marekani, mwaka 1956. Mwaka 1965 Herbert Simon, msomi mwenye heshima zake, alitabiri kwamba katika miaka 20 mashine zitaweza kazi yoyote aifanyayo binadamu. Mwaka 1985 ulifika, ukapita.

Na sisi tulishaonja. Mwaka huohuo wa 1965 serikali yetu ya Tanzania ilifunga kompyuta yake ya kwanza Wizara ya Fedha. Baadaye hesabu za umma zilivurugika kwenye mitambo, na wataalamu wa kuinyoosha walikuwa haba. Mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Kwanza tuliamini kupita kiasi, kisha tukakataa kupita kiasi. Mara zote mbili aliyeumia ni mwananchi.

Kwa hiyo sisemi tuifukuze akili mnemba. Ipo programu ya Nuru, inayotazama jani la muhogo kwa kamera ya simu na kutaja kama ni batobato au michirizi ya kahawia. Kazi yake inajulikana, na mkulima anaweza kuipima mwenyewe kwa kuilinganisha na neno la bwana shamba. Hata hivyo haimletei mvua wala mbegu safi, na anayemwambia vinginevyo anamdanganya.

Tusidhani pia kwamba mashine hizi zimejifunza zenyewe. Vijana wa Nairobi walilipwa chini ya dola 2 kwa saa kusoma na kuchambua maandishi machafu ili ChatGPT, mtambo wa akili mnemba wa kuzungumza kwa maandishi, uwe na adabu. Jasho lao halitajwi kwenye matangazo.

Basi, wazazi, walimu na madiwani, akija mtu na mtambo wake muulizeni: unafanya kazi gani hasa, umepimwa wapi, na ukikosea nani atalipa? Akijibu, jaribuni kwa kiasi. Akibabaika, fedha ya umma ibaki mfukoni.